Umri wa Mdakaji

Aprili 13, 1949. Jumatano

Vijana wamerudi kutoka mazoezi ya kusini. Basi limewazimikia mara mbili njiani, na Mzee Tibbs, meneja wetu, ameshuka na mafua. Theluji bado imejificha kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja. Anasema ardhi imekuwa ngumu kama bamba la chuma, lakini Jumapili ya Pasaka tutacheza, iwe theluji iwe jua.

Aprili 15. Ijumaa Kuu

Asubuhi nimemzika Bwana Fauntleroy. Mchana nimekwenda uwanjani kuona viti vilivyooza.

Huu ni msimu wangu wa pili nikiwa mwenye timu. Mume wangu Amos alipofariki, watu walidhani nitabaki na nyumba yetu ya kuandalia mazishi na kuwaachia wanaume besiboli. Wanaume hao walikuja kweli, kofia mikononi, sauti za upole, kila mmoja akitaka kunipunguzia mzigo. Sikumwuzia hata mmoja.

Wahunzi, timu yetu, walikuwa kazi ya Amos kuliko hata nyumba hii. Mwaka wa 1920 kiwanda cha chuma hapa Youngstown kilikuwa na ligi yake, nayo ilikuwa ya Wazungu watupu. Wanaume wetu, waliokuwa wakilisha matanuru makaa usiku kucha, hawakuruhusiwa hata kukanyaga nyasi za uwanja ule. Amos akawakusanya tisa, akawashonea jezi kwa vitambaa vyeusi vya msiba vilivyobaki dukani, akawaita Wahunzi. Mzee Tibbs alikuwa mmoja wa wale tisa. Alilinda kituo cha pili, akiwazuia wakimbiaji, kwa mkono ambao kiwanda kilikuwa kimeshaula vidole viwili. Baada ya miaka saba walikuwa mabingwa wa timu zote za watu weusi nchini. Ulipokuja mwaka wa njaa walizunguka vijiji vya wakulima wakicheza ili walipwe kuku na viazi. Na kila Oktoba walikutana na mastaa wa ligi kubwa ya Wazungu, ligi iliyotufungia mlango, wakawapiga mara nyingi kuliko walivyopigwa, ingawa magazeti ya upande ule hayakuona habari humo. Miaka yote hiyo wafu ndio waliowalisha walio hai. Jeneza moja zuri lilitosha kupeleka basi hadi Memphis na kulirudisha.

Nawapenda vijana wangu karibu wote. Asiyenipendeza ni Roscoe Mabry, mdakaji. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji na mdomo haufungi: anamwuliza habari za mke wake, anamsifia viatu, anamwambia mpira unaokuja ni mzito leo. Mashabiki wanampenda kwa hilo. Mimi naona ni mtu wa kelele na karata. Na amemganda Leander Pruitt, mrushaji wetu kijana, hamwachi apumue. Leander ana miaka ishirini na miwili, ametoka Alabama, haongei isipokuwa akiulizwa, na anarusha mpira ambao hata Mzee Tibbs anavua kofia akiuona. Mtu kama huyo alistahili mlezi mwenye adabu.

Aprili 17. Pasaka

Tumeshinda. Hakuna mpigaji aliyeugusa mpira wa Leander mpaka mzunguko wa sita. Baridi ilikuwa kali. Watu walikuwa wachache kuliko Pasaka ya mwaka jana, nami nimejiambia ni baridi.

Aprili 24

Mvua.

Aprili 25

Mvua. Mazishi mawili, yote kwenye tope.

Mei 8. Jumapili

Leo hapakuwa na mvua wala baridi, na nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Sababu niliipata kanisani kabla ya mechi. Zamani Mchungaji alikuwa akifupisha mahubiri Wahunzi wanapocheza nyumbani, ili watu wawahi. Leo amefupisha ili watu wawahi treni. Kanisa limekodi mabehewa mawili kwenda Cleveland, ambako timu ya ligi kubwa ina watu weusi uwanjani, wanavaa jezi ile ile na kubadilishia nguo chumba kile kile na Wazungu. Walitoka wamevaa vizuri, wamebeba vikapu vya kuku wa kukaanga, wanaimba.

Bi Lavinia Stokes alikuwa miongoni mwao. Kwa miaka kumi na tano amekaa nyuma ya kituo cha tatu na mwavuli wake, akimfundisha mwamuzi kazi. Nilimshika mkono kwenye ngazi za kanisa nikamwuliza Wahunzi wamemkosea nini.

"Hawajanikosea, Odessa," alisema. "Lakini baba yangu alikufa akiomba aione siku hii. Unataka nikae nyumbani siku yenyewe imefika?"

 Mimi pia niliiombea. Mwaka juzi, yule mweusi wa kwanza alipoingia ligi kubwa kule Brooklyn, Amos alikuwa kitandani, na tulilia pamoja kwa furaha. Ombi letu limejibiwa, na jibu limepita na treni ya saa nne.

Mei 22

Tumepoteza mbili kule Dayton. Nilisafiri na basi kwa sababu mwenye uwanja alitaka kusema na mwenye timu ana kwa ana. Mvua ilitusimamisha kwa saa nyingi kando ya barabara, na nikaona nilichokuwa sijakiona.

Roscoe alimkalisha Leander kiti cha nyuma, akamwigizia wapigaji wote wa Dayton mmoja mmoja, jinsi anavyosimama, jinsi anavyoshika gongo la kupigia. Kila mara alimwuliza angerusha nini. Leander akijibu vibaya, Roscoe alimwambia, "Umekufa. Mwite Bi Whitlow akupime jeneza." Vijana walicheka. Mimi nilikasirika, nikamwambia Roscoe kazi yangu si mzaha na kijana si karagosi wake. Akaniomba radhi kwa heshima iliyozidi, kama mtu anayejua hajakosea.

Tulipofika, na Leander akaanza kuharibu, mpira ukienda juu, ukienda chini, Roscoe alimwendea taratibu kama mtu anayekwenda kuchota maji. Akamwambia neno. Kijana akatulia, akawatoa watatu mfululizo. Wakati wa kurudi nikamwuliza Leander, kwa faragha, huwa anaambiwa nini pale.

"Ananiuliza jioni nitakula nini, mama," alisema. "Nikishafikiria chakula, siogopi tena."

Mei 30

Siku ya kumbukumbu ya waliokufa vitani. Maua makaburini asubuhi. Mechi imeahirishwa, timu ya Toledo haikufika. Nasikia haipo tena.

Juni 5. Jumapili

Mzungu mmoja mwenye suti ya kijivu alikaa nyuma ya kituo cha nyumbani, mahali pa mpigaji, peke yake. Anaitwa Dunleavy, ni msaka vipaji wa timu moja kubwa ya mashariki. Uwanja mzima ulijua kabla mzunguko wa kwanza haujaisha. Leander alijua pia, akarusha hovyo akawapa wapigaji watatu wa kwanza kituo bure, mpaka Roscoe alipokwenda kumwuliza habari za chakula.

Lakini mimi leo nilimwangalia Roscoe zaidi. Hakusema na wapigaji hata neno moja. Alirukia kila mpira. Alirusha hadi kituo cha pili kama kijana. Na jua lilipokuwa kali, jasho lilianza kumtoka chini ya kofia likiwa jeusi, likamchora mistari shingoni mpaka kwenye kola. Alikuwa amepaka nywele dawa ya viatu ili kuficha mvi. Vijana waliona wakageuza nyuso. Bwana Dunleavy aliona, akaandika kitu.

Roscoe aliingia Wahunzi mwaka wa 1933 akiwa na miaka ishirini na mmoja. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyemkatia keki. Ni mtu wa miaka thelathini na saba, magoti yake yanalia akipanda ngazi. Nilidhani anamganda kijana. Kumbe na yeye alikuwa na lake la kusubiri, kwa miaka yote hii, akipiga kelele ili lisisikike.

Juni 6

Bwana Dunleavy alikuja ofisini. Aliniita Odessa, nami nikamwita Bwana Dunleavy. Nilimpa kiti, sikumpa kahawa. Alisema Leander ni mali, atarudi tarehe kumi na tisa na karatasi za kutia saini. Nikamwambia kijana ana mkataba na Wahunzi hadi Septemba. Alitabasamu kwa upole, akasema ofisini kwao mikataba ya ligi yetu haihesabiki kuwa mikataba. Hakunitukana. Alinieleza tu, kama mtu anavyomweleza mgeni kwamba barabara hii haipitiki.

Kisha, akiwa mlangoni, akauliza yule mdakaji ana umri gani. Nilisema sikumbuki. Akasema atauliza tena.

Juni 17

Nimemwita Roscoe nyumba ya mazishi. Alikuja amevaa koti, akidhani namfukuza. Nikamwambia avue kofia akae kwenye kiti karibu na sinki, chumba kile ninachoandalia wafu. Akaangalia ile meza ya marumaru, kisha akaniangalia mimi.

"Bi Whitlow, najisikia vibaya lakini si kiasi hicho," alisema.

"Dawa ya viatu inatiririka," nilimwambia. "Ninayo rangi ya nywele inayodumu. Wateja wangu hawajawahi kulalamika."

Alicheka mpaka akashika kifua. Halafu akainamisha kichwa, nami nikaanza kazi. Nimewapaka rangi watu wengi, lakini wa moto ni yeye wa kwanza. Shingo yake ina makovu ya mipira. Vidole vya mkono wa kulia vimevunjika na kuunga vibaya, kila kimoja kinaangalia upande wake. Alinisimulia mambo nisiyoyajua: kwamba Oktoba ya thelathini na nane, baada ya mechi na mastaa wa Kizungu, meneja wao alimshika bega akamwambia, laiti ningeweza kukupaka rangi nyeupe, ningekuchukua leo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisema aliichukulia kama sifa kwa muda wa wiki nzima, ndipo akaamka siku moja akaelewa kuwa ni tusi.

Nikamwuliza anataka nini hasa.

"Mara moja tu," alisema. "Hata wiki. Nijue."

Sikumwuliza ajue nini. Nilimpangusa shingo. Alitoka pale kijana wa miaka thelathini, ukimwangalia kwa mbali.

Nimekaa tangu alipoondoka nikijiuliza ninafanya nini. Nikiwapoteza wote wawili, sina timu.

Juni 19. Jumapili

Nitaiandika leo yote, maana najua kesho nitaanza kuipamba.

Mechi ilianza saa nane. Viti vilijaa zaidi kidogo kuliko siku nyingine, watu walikuja kumwona Mzungu anayemwona Leander. Roscoe alikuwa anang'aa kichwa, na mistari haikuwepo. Alipiga mpira mmoja hadi ukutani akafika kituo cha pili bila kuchechemea, au nilidhani hachechemei. Leander alirusha vizuri, lakini nikaona kitu. Kabla ya kila mpira alimtazama Roscoe usoni, hata baada ya kupewa ishara. Mzunguko wa saba Roscoe aligongwa na gongo kwenye glavu akatoka kufungwa kidole, akaingia mdakaji wetu wa akiba kwa muda, wapinzani wakiridhia. Leander alikuwa mtu mwingine. Mipira minne hovyo, kisha minne tena. Roscoe alirudi na kidole kimefungwa, na kijana akatulia kana kwamba mtu amewasha taa.

Tulishinda. Baadaye tulikutana chumba changu cha chini ya viti: Bwana Dunleavy, Mzee Tibbs, Leander, Roscoe na mimi. Bwana Dunleavy aliweka karatasi mezani akampa Leander kalamu. Kijana hakuichukua.

"Nitakwenda tukienda na Roscoe," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakuirudisha.

Bwana Dunleavy hakukataa. Alisema timu yao ndogo ya Wisconsin, ambako Leander ataanzia, inahitaji mdakaji wa akiba. Klabu haitaki mtu aliyezidi thelathini na mbili, ila anaweza kuwashawishi. Kisha akanigeukia mimi. Alisema ameambiwa kwamba mimi ni mama wa kanisa na mjini hapa neno langu linaaminika kuliko karatasi.

"Ana umri gani?"

Mzee Tibbs alianza kukagua dari. Nilifikiria basi likiwa halina Roscoe ndani. Nilifikiria ile shingo yenye makovu.

"Thelathini na mbili," nilisema.

 Bwana Dunleavy aliinua kalamu yake. Ndipo Roscoe akacheka, cheko fupi la puani.

"Bi Whitlow hajui kusema uongo," alisema. "Masikio yanamtetemeka. Nina thelathini na saba, bwana, na nikiamka asubuhi nina hamsini. Kijana anakwenda peke yake."

Leander alisimama. Alisema basi haendi. Roscoe hakumpigia kelele. Alimkaribia, akamwekea ule mkono wa vidole vilivyopinda kifuani.

"Leo nilipotoka ulifanya nini?" alimwuliza. "Ulikuwa unanitafuta kwenye benchi. Nikienda na wewe, ndani ya mwezi mmoja watayaona magoti haya, watanirudisha. Na wewe utakuwa umesimama katikati ya uwanja wa watu, unanitafuta."

"Mimi sijui kurusha bila wewe."

"Ndiyo maana unakwenda."

Leander alitia saini akiwa amesimama, machozi yakidondokea karatasi ya watu. Mzee Tibbs akamfuta uso kwa leso yake, kama mtoto.

Wenzake walipotoka nilimshika Roscoe mlangoni. Nilimwuliza kwa nini basi aliniacha nimpake rangi, na kwa nini aliniacha nimdanganye mtu mbele ya Mungu.

"Ijumaa nilikuwa nataka kwenda," alisema. "Mpaka leo mzunguko wa sita nilikuwa bado nataka. Wewe umenipa miaka mitano, Bi Whitlow. Hakuna mtu aliyewahi kunipa hata mmoja."

Juni 21

Leander ameondoka na treni ya asubuhi. Nilimfungia mkate wa mahindi na pai ya viazi vitamu. Roscoe hakuja kituoni. Kijana aliangalia mlango mpaka treni ikaondoka.

Julai 4

Mechi mbili, tumepoteza zote. Mrushaji mpya ni mtoto wa kiwandani, ana moyo mzuri na mkono mbovu. Fataki za mjini zilisikika zaidi kuliko mashabiki.

Julai 9

Gazeti la huko mashariki limefika, na Mzee Tibbs aliniletea akiwa amelikunja kidogo kidogo. Wameandika kwamba Leander Pruitt aligunduliwa na klabu yao akirusha mpira kwenye kiwanja cha mtaani huko Ohio. Cha mtaani. Miaka ishirini na tisa, ubingwa, Amos, wale tisa wa kwanza, wote wamekuwa kiwanja cha mtaani.

Nilipiga simu kwa klabu. Msichana alisema atafikisha ujumbe wangu. Nikamwambia andika: W, A, H. Akasema laini ni mbaya.

Mzee Tibbs hakukasirika kama mimi. Alikaa akasugua ile nafasi ya vidole vyake. Alisema hata kiwanda hakijawahi kuandika popote kwamba kilimla vidole, na bado havipo.

Julai 14

Simu ya Leander kutoka Wisconsin, saa ya chakula cha mchana. Amepoteza mechi tatu. Hoteli haimtaki, analala nyumbani kwa seremala mmoja. Alisema mdakaji wao ni mtu mwema lakini haelewi ishara zake. Akaomba kusema na Roscoe.

Roscoe alikuwa uani ananisaidia kuosha gari la maiti, kazi anayoifanya siku hizi tusipocheza. Nilimwita. Alikuja hadi mlangoni, akatikisa kichwa.

"Mwambie sipo."

Nilimwambia kijana hayupo, uongo wangu wa tatu mwaka huu, na huu nao ni kwa ajili ya Roscoe. Nilipoweka simu nilimwambia Roscoe ana roho ya jiwe.  Alirudi kwenye gari akaosha gurudumu moja tu, lile lile, mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Julai 24

Joto. Tumeshinda moja. Watu walioingia ningeweza kuwaita kwa majina, na karibu nifanye hivyo.

Julai 30

Leander amepiga simu tena. Safari hii Roscoe alikuwa ndani, alichukua simu kabla sijamwita. Alisikiliza kwa muda mrefu, uso hauoneshi kitu. Kisha akasema mara moja tu: "Huyo mdakaji wenu anaitwa nani? Ana watoto? Basi muulize wewe. Mkiwa katikati ya uwanja, muulize wewe yeye jioni atakula nini." Akakata simu, akaenda kusimama uani, ameipa nyumba mgongo.

Nilimwacha peke yake. Msimu ulipoanza nilikuwa nimeshamhukumu mtu huyu.

Agosti 7

Kijana ameshinda kule Wisconsin. Bao bila jibu.

Agosti 8

Na leo tena nimeambiwa timu nyingine mbili za ligi yetu zinafunga. Hatutakuwa na wa kucheza nao.

Agosti 19

Siku kumi sikuandika. Nilikuwa na mazishi ya mtoto, na siku kama hizo mtu hawezi kuandika habari za mpira.

Lakini usiku huu mawazo yamekuja yenyewe. Kazi yangu ni kuzika. Najua mapenzi ya mtu asiyetaka jeneza lifungwe. Nimewaona wengi, nimewasubiri, kisha nimewaambia kwa upole kwamba muda umefika, kwa sababu mwili ukikaa mno unaharibu hata kumbukumbu ya sura yake. Nami nimekaa msimu mzima nimeshikilia kifuniko. Tunacheza na timu zilizookotwa, vijana wawili wanadaka na kurusha kwa viatu vilivyotoboka, Roscoe anashuka ngazi kwa makalio asubuhi baada ya mechi. Hao si Wahunzi wa Amos. Nikiwaacha wacheze mwaka mmoja zaidi, watu watawakumbuka hawa.

Agosti 20

Nimemwambia Mzee Tibbs kwamba msimu huu ni wa mwisho. Alisema, "Ahsante," kisha akaomba maji ya kunywa.

Agosti 28

Mchungaji ametangaza kanisani: Jumapili ya tarehe kumi na moja, Wahunzi watacheza mechi yao ya mwisho.

Septemba 11. Jumapili

Walikuja.

Nilifika uwanjani saa nne asubuhi na mstari ulikuwa umezunguka ukuta. Walivaa nguo za kanisani, wanaume wengine tai nyeusi, wanawake kofia kubwa. Wengine walitoka Akron, wengine Pittsburgh. Viti vilijaa, watu wakasimama kwenye njia, wakakaa juu ya ukuta. Nilisimama langoni nikahisi hasira inanipanda. Bi Lavinia Stokes alifika na mwavuli, na ikatoka kabla sijaizuia.

"Mlikuwa wapi, Lavinia?"

Hakukasirika. Alinitazama kama ninavyowatazama wafiwa.

"Wewe unajua kuliko mtu yeyote hapa," alisema. "Watu huja mazishini."

Nilimpisha aingie.

Tulicheza na timu ya Homewood, tukafungwa nne kwa mbili. Sioni haja ya kuandika mengi juu ya mpira wenyewe. Nitaandika hili tu. Mzunguko wa tisa Roscoe alipiga mpira safi, wa chini, ukaanguka mbele ya mlinzi wa mbali. Mtu yeyote angefika kituo cha kwanza akipiga mluzi. Roscoe alikimbia. Alikimbia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, magoti yakitoka huku na huku, na mlinzi aliuokota ule mpira, akaangalia, akaona bado yuko nusu njia, akaurusha, na ukafika kituoni kabla yake, akawa ametolewa.  Roscoe alisimama pale, akavua kofia, akamwinamia yule mlinzi kama bwana harusi. Ndipo watu wakasimama wote, wakacheka wakilia, wakampigia makofi mpaka mwamuzi naye akaweka kinga yake ya uso chini akapiga.

Mechi ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Wachezaji waliingia ndani, wakatoka tena, kwa sababu watu bado walikuwa wamekaa. Jua likahamia upande wa matanuru. Walinzi wa lango waliniuliza wafanye nini. Nikafanya ninachofanya baada ya kila mazishi: nilivaa glavu zangu, nikasimama langoni, nikaanza kumpa mkono kila mtu. Mzee Tibbs akaja akasimama kushoto kwangu. Roscoe akasimama kulia. Walipita mmoja mmoja, wakisema ya kwao. Mwanamume mmoja alisema alimchumbia mke wake kwenye viti vile. Mwingine alisema Amos alimpa baba yake kazi mwaka wa njaa. Wengi walifuta machozi, kisha wakanipa mkono ule ule. Niliposhika mkono wa mwisho, glavu ilikuwa imeloa.

Septemba 14

Basi limenunuliwa na shule. Leander ameandikiwa kufanya mazoezi na timu kubwa yenyewe msimu ujao. Roscoe amekubali kazi ya kuendesha gari la maiti. Amesema ni wateja wa kwanza asioweza kuwachokoza.

Septemba 25. Jumapili

Jumapili iliyopita sikuwa na pa kwenda baada ya ibada. Nilikaa jikoni na kofia kichwani hadi chakula kikapoa.

Leo nimekwenda Cleveland na kanisa. Tulikaa mbali, juu kabisa, watu ni wengi kiasi kwamba sauti zao zinafika kama upepo. Bi Lavinia alinigawia kuku wake. Mzungu aliyekaa mbele yetu aligeuka akaniomba nimshikie mtoto anunue soda, nikamshika. Nilijikaza nisifurahi. Nilihesabu makosa ya wachezaji, na Wahunzi wa mwaka ishirini na saba wangewafunga hawa, hilo nitalisema mpaka nife. Halafu mtu wetu mmoja akapiga mpira ukaruka juu, juu sana, ukaenda kuelekea ziwa lililo nyuma ya uwanja, na nilikuwa nimeshasimama, mtoto wa watu mkononi, nikipiga kelele, kabla sijajua kwamba nimesimama.